Marufuku ya sigara shuleni: ya mwanafunzi peke yake, au ya kila apitaye langoni?

Shule zote za Mombasa, za serikali na za binafsi, za msingi na za upili, tayari ziko chini ya marufuku. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inaihesabu shule miongoni mwa mahali pa umma ambapo sigara haivutwi, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hivyo bodi ya shule inapokaa kujadili jambo hili, haiamui kama sigara ipigwe marufuku au isipigwe. Hilo lilishaamuliwa. Inachoamua ni sura ya marufuku yenyewe pale shuleni: inamhusu nani, inaishia wapi, inataja vitu gani, na anayeshikwa anafanywa nini.

Nakaa kwenye bodi ya shule ya kutwa upande wa Kisauni, na kwa ninavyoona huku kwetu na kwa jirani zetu, kuna sura mbili kuu. Ya kwanza ni marufuku ya mwanafunzi: inamlenga mtoto, inataja sigara tu, inaishia kwenye ukuta, na dawa yake ni kumtuma nyumbani. Ya pili ni marufuku ya uwanja mzima: inamfunga kila apitaye langoni, kuanzia mwalimu mkuu hadi fundi wa paa, inataja kila kitu chenye tumbaku au nikotini, inafanya kazi usiku na mchana, na mtoto anayeshikwa anabaki shuleni. Mimi niko upande wa ya pili, na nasema mapema ili msomaji apime maneno yangu akijua hivyo. Hata hivyo ya kwanza ina watetezi wenye sababu zao, na mahali pamoja nadhani wako sawa.

Mwalimu anayevutia nyuma ya jiko

Nianze hapa kwa sababu hapa ndipo mikutano huvunjika. Chini ya marufuku ya mwanafunzi, mwalimu anayevuta haambiwi lolote mradi asionekane. Anakwenda nyuma ya jiko, au kwenye ngazi za jengo lisilokamilika, anavuta haraka, anatafuna kashata au pipi, anarudi darasani. Wanaotetea hali hii husema mwalimu ni mtu mzima, ana haki zake, na ukimbana sana atatafuta uhamisho. Walimu wenyewe hawatoshi, tukimpoteza wa hisabati tutampata wapi mwingine?

Hoja hiyo nimeisikia ikisemwa kwa nia njema. Lakini mtoto anayekaa dawati la mbele anaisikia harufu ile pindi mwalimu anapoinama kusahihisha daftari, na ameshajua anakotoka. Baada ya hapo kila neno la mwalimu huyo juu ya tumbaku limekufa. Si hilo tu. Mwanafunzi akikutwa na kipisi cha sigara chooni, anajibu moja kwa moja, "Na mwalimu je?" Na hapo mwalimu wa nidhamu hana la kusema, kwa kuwa sheria ya 2007 haikumtenga mwalimu.

Kuna utafiti uliofanywa Wales katika shule 55 za upili, ukachapishwa mwaka 2001. Waliangalia wanafunzi wa miaka 15 na 16. Katika shule zenye kanuni ya maandishi inayowakataza wanafunzi na walimu kuvuta popote katika eneo la shule, wanafunzi waliovuta kila siku walikuwa asilimia 9.5. Katika shule zisizo na kanuni yoyote, walikuwa asilimia 30.1. Zile zilizokuwa katikati, zenye kanuni nusunusu, zilipata asilimia 21. Utafiti huo ulipima mara moja, haukuwafuata watoto miaka na miaka, kwa hivyo hauwezi kuapa kwamba ni kanuni pekee iliyoleta tofauti. Huenda shule zenye kanuni kali zilikuwa na mengine mazuri pia. Lakini tazama hiyo asilimia 21. Kanuni nusunusu ndiyo hii yetu ya mwanafunzi peke yake, na matokeo yake yanakaa karibu zaidi na shule isiyo na kanuni kuliko na ile iliyofunga mlango sawasawa.

Na wasiwasi kwamba mwalimu hataweza kukaa siku nzima bila sigara? Sisi wa Mombasa tunalo jibu ambalo huko Wales hawakuwa nalo. Kila Ramadhani mwalimu mvutaji anayefunga hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara hata moja, na anafundisha, na anasimamia mitihani. Haipendi, kichwa kinamuuma siku za mwanzo, lakini anaiweza. Bodi inayomwomba ajizuie kutoka saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni inaomba kidogo kuliko anachojitwika mwenyewe mwezi mzima. Kwa asiyefunga, bodi inaweza kumsaidia kwa njia nyingine: impe muda aonane na mhudumu wa afya, na kama atahitaji bazoka za nikotini au plasta za nikotini, zile zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Hilo ni jambo la heshima kati ya watu wazima, halihitaji kuitana vikaoni na kuaibishana.

Katika kipengele hiki marufuku ya uwanja mzima inashinda, na inashinda kwa mbali.

Kona ya kuvutia

Baadhi ya wajumbe hupendekeza njia ya kati: watu wazima watengewe kona yao, nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Kwenye shule ya bara yenye ekari ishirini huenda kona ikawa mbali na watoto. Mombasa mjini shule ngapi zina ekari ishirini? Majengo yetu mengi yana kuta za matofali ya matundu ili upepo upite, maana bila hivyo joto la Februari lingewaua watoto. Upepo unaopita kwenye yale matundu haubagui. Ukivuta upande wa kusini wakati wa kusi, darasa lililo kaskazini yako linapokea. Kaskazi ikija, mambo yanageuka na darasa la upande wa pili ndilo linalopokea.

Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kwa mtoto mwenye pumu hakuna haja ya kungoja saratani: kifua kinabana siku hiyo hiyo. Uskoti ilipokataza uvutaji katika majengo ya umma Machi 2006, watoto waliokuwa wakilazwa hospitalini kwa pumu, ambao idadi yao ilikuwa ikipanda kwa asilimia 5.2 kila mwaka, walianza kupungua kwa asilimia 18.2 kwa mwaka. Ile ilikuwa marufuku ya nchi nzima, si ya shule peke yake, na sidai kwamba shule moja ya Kisauni itapata namba kama hizo. Ninachodai ni kwamba mapafu ya mtoto hujibu haraka moshi unapoondoka. Mzazi yeyote aliyewahi kukimbia na mtoto usiku hadi hospitali ya Makadara akiwa anapiga mluzi kifuani anajua kwa nini hili si jambo dogo.

Kona ya kuvutia tuiache.

Nje ya lango

Hapa ndipo watetezi wa marufuku ya mwanafunzi huuliza swali zuri: mtamkataza ndani, si atatoka nje avute? Kweli, atatoka. Ukifunga uwanja wa shule, wavutaji huhamia kando ya lango. Kwetu nje ya lango kuna maskani ya bodaboda, kuna mwembe wenye benchi, na kuna kibanda.

Kitazameni kile kibanda kwa makini. Juu ya meza kuna mabuyu kwenye karatasi za nailoni, achari ya embe, kashata, viazi karai chini ya wavu, na kando yake paketi ya sigara iliyofunguliwa, na kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi ili kisiibwe. Vyote hivyo viko kwenye urefu wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Sigara inauzwa moja moja, ingawa sheria inakataza kuuza pungufu ya paketi ya sigara kumi, na inakataza kabisa kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sigara ya moja moja ina madhara mawili. Inashuka hadi bei ya mabuyu, na inamtenga mtoto na onyo: zile picha za kutisha za mapafu na midomo zilizowekwa kwenye paketi tangu 2016 hazioni, kwa sababu yeye haishiki paketi.

Marufuku ya mwanafunzi haina la kufanya na kibanda. Kimo nje ya ukuta, si chetu. Marufuku ya uwanja mzima, nayo kwa haki, haina mamlaka nje ya ukuta. Bodi si kaunti na soja wa langoni si polisi. Lakini ina njia mbili. Ya kwanza ni kuzungumza. Mwenye kibanda kwa kawaida ni mama wa mtaa, na watoto wake au wajukuu wake wamo humo humo shuleni. Mwenyekiti wetu alikwenda kwake asubuhi moja, akanunua mahamri, akakaa kwenye gunia la makaa.

"Mama, hizi sigara zakupa faida gani?"

"Kidogo mwanangu, lakini bodaboda wazitaka."

"Basi wauzie bodaboda. Ila zishushe chini ya meza, na mwenye yunifomu asipewe, hata akisema katumwa na babake."

"Hata akisema katumwa?"

"Hapo hasa."

Akakubali. Kiberiti kikaondolewa kwenye uzi. Ni ushindi mdogo na unaweza kupotea akija mwenye kibanda mwingine, lakini haukutugharimu chochote. Kumbukeni tu kwamba akiendelea kuuza moja moja, hata kwa mtu mzima, bado anavunja sheria, na hilo tulimweleza pia.

Njia ya pili ni kuifanya kanuni imfuate mtoto badala ya kuufuata ukuta. Denmark ilifanya hivyo mwaka 2021: mwanafunzi havuti katika saa za shule, awe ndani ya uwanja au ng'ambo ya barabara. Kwa shule ya Mombasa ambayo wanafunzi wake hutoka mapumziko ya mchana kwenda kula nyumbani au kuswali msikiti wa karibu, mstari mmoja kama huo unaziba shimo kubwa: ukiwa kwenye yunifomu, uko shuleni.

Lakini kanuni isiyosimamiwa haina kazi, na hili si dhana. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wanafunzi 17,287 wa shule za upili. Marufuku ya shule ilihusiana na uvutaji mdogo pale tu ilipotekelezwa kwa nguvu, yaani pale wanafunzi wenyewe waliposema kwamba wenzao wote au walio wengi wanaitii. Palipokuwa na marufuku ya ukutani tu, ile ya kibao kilichopigwa msumari, tofauti haikuonekana. Utafiti huo huo ulikuta kwamba nyumba isiyovutwa sigara ndani ina nguvu kuliko shule. Kwa hivyo mzazi anayetaka bodi ifanye kazi yote huku yeye anavuta sebuleni akitazama habari, anaitaka shule ibebe gogo peke yake.

Sigara peke yake, au na wenzake?

Kipengele hiki kina jibu rahisi ila maelezo yake yanahitaji uangalifu, kwa sababu vitu vimekuwa vingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 uliwakuta asilimia 9.9 ya wanafunzi wa Kenya wa miaka 13 hadi 15 wakitumia tumbaku ya aina fulani, wavulana asilimia 12.8 na wasichana asilimia 6.7. Tumbaku ya aina fulani, si sigara tu. Hapa Pwani kila mtu anaijua kuber, ile ya vipakiti vidogo inayofichwa chini ya mdomo. Haina moshi. Mtoto anaweza kukaa nayo kipindi kizima cha jiografia na mwalimu akadhani ana jino linalomuuma. Kuna tambuu iliyotiwa tumbaku. Kuna vifuko vyeupe vya nikotini, ambavyo vilianza kuuzwa Kenya mwaka 2019, vyenye ladha ya minti na matunda. Kuna vepu, vile vifaa vya umeme vya kuvuta mvuke wa nikotini; nyingine zinafanana kabisa na fleshi ya kompyuta, na moshi wake unanukia embe.

Kanuni inayosema "sigara ni marufuku" haimshiki hata mmoja wa hao. Kijana mmoja aliyekutwa na vepu ndani ya soksi alimwambia mwalimu wa zamu kwa utulivu kabisa, "Lakini mwalimu, hii si sigara. Haina tumbaku." Na alikuwa anasema kweli. Nikotini iliyomo humo, hata hivyo, ni ile ile, na ubongo wa mtu huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Nikotini inayoingia katika umri huo inashika kwa urahisi na inaachia kwa shida.

Kuhusu shisha na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, wengine husema tungoje serikali. Tumeshaona jinsi kungoja kulivyo. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, kisha Januari 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, ikawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha ikisema marufuku yenyewe haikufuata taratibu. Mei mwaka huo huo Gavana Abdulswamad Nassir akatoa amri dhidi ya muguka Mombasa, na siku chache baadaye mahakama ikaisimamisha. Siingii katika kesi hizo. Ninachosema ni kwamba kanuni ya shule isimame kwa miguu yake: itaje kwa majina sigara, shisha, kuber, ugoro, tambuu yenye tumbaku, vepu, vifuko vya nikotini, na muguka na miraa pia, ili siku mahakama ikitangua amri fulani, kanuni yenu isianguke nayo.

Saa za masomo, au usiku na mchana?

New Zealand iliamua hili tangu tarehe 1 Januari 2004: majengo na viwanja vyote vya shule, saa 24, siku saba za wiki. Kwetu, shule ikifungwa jioni haifungwi kweli. Alasiri kuna madrasa katika majengo hayo hayo. Jumamosi kuna mechi ya mtaa, Jumapili kuna kanisa lililokodi ukumbi, na msimu wa harusi uwanja unawekwa mahema na viti vya plastiki. Jumatatu asubuhi watoto wa chekechea wanaokota vishungi vya sigara mchangani. Mtoto wa miaka minne akiokota kitu anakipeleka wapi? Mdomoni.

Pingamizi pekee lenye uzito ni la pesa: shule inategemea kukodisha uwanja, na wakodishaji hawapendi masharti. Kwa uzoefu wa kwetu, hakuna harusi iliyohamishwa kwa sababu ya sigara. Wekeni sharti hilo kwenye risiti ya malipo, pamoja na lile la muziki kuzimwa na lile la kuzoa taka, na wageni wanaotaka kuvuta wataelekezwa nje ya lango. Imekwisha.

Kumtuma nyumbani, au kumbakisha?

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo zito, na ndilo linaloamua kama marufuku inamjenga mtoto au inamtupa.

Marufuku ya mwanafunzi ina njia moja inayojulikana na wote: barua, wiki mbili nyumbani, urudi na mzazi. Faida yake ni kwamba ni rahisi, ni ya haraka, na wanafunzi wengine wanaona shule haina mchezo. Sasa mfuateni mtoto huyo kwa wiki hizo mbili. Mamake anauza mboga Kongowea, anatoka nyumbani kabla ya alfajiri, anarudi jioni. Babake yuko baharini, au kazini bandarini, au hayupo kabisa. Kijana wa miaka 15 anaamka saa tatu, hana masomo, hana wa kumuuliza. Anakwenda maskani. Pale maskani kuna kaka wakubwa wanaovuta tangu asubuhi hadi usiku, na ni wakarimu. Tumemwondoa mahali ambapo sigara ni marufuku, tumempeleka mahali ambapo ni ya bure. Akirudi baada ya wiki mbili amekosa nusu ya mada ya aljebra, na uvutaji umemkolea kuliko alivyoondoka. Tumempa adhabu iliyomwongezea ugonjwa.

Marufuku ya uwanja mzima, inapotekelezwa inavyopaswa, inamweka shuleni. Kitu kinanyang'anywa. Mzazi anaitwa, tena anaitwa kuzungumza, si kuja kuonyeshwa mtoto wake amepiga magoti mbele ya paredi. Kijana anapangiwa vikao na mwalimu wa ushauri nasaha. Na walimu wote wanaomfundisha wanaelezwa jambo moja la kitabibu ambalo linabadilisha mengi: nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Aliyevuta saa kumi na mbili na nusu akija shule, ikifika mapumziko ya saa nne mwili wake unaidai. Mikono haitulii, hasira ziko karibu, anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara. Mwalimu asiyejua anaona utundu na anampa adhabu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwalimu anayejua anampa maji, anamruhusu azunguke uwanja dakika mbili, anamweka karibu naye. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi.

Kupiga mtoto si chaguo katika njia yoyote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kumuumiza mwili na kumtesa akili, na yeyote kwenye bodi anayesema "viboko viwili vitamtosha" akumbushwe kwa upole kwamba anaiombea shule kesi.

Njia hii ina gharama, na tusifiche. Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule nyingi yupo kwenye karatasi. Ana vipindi vyake kamili, na ushauri anaufanya akiwa amesimama koridoni. Bodi ikichagua kumbakisha mtoto bila kumpunguzia mwalimu huyo vipindi, imechagua jina tu. Inahitaji chumba chenye mlango unaofungika, hata kama ni stoo iliyosafishwa, na namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ibandikwe ndani, maana kuipiga ni bure na inawapokea wazazi pia. Shule iliyo karibu na zahanati iombe muuguzi aje mara moja kwa muhula.

Sasa lile nililosema wako sawa. Wanaotaka adhabu kali wana haki kuhusu mwanafunzi anayeuza. Kijana anayeleta paketi na kuwauzia wadogo zake wa gredi ya saba moja moja si mgonjwa wa nikotini peke yake. Anawafungulia wengine mlango. Huyo bodi imshughulikie kwa uzito, imwite mzazi, na ikibidi jambo lifike kwa maafisa wa elimu wa kaunti ndogo kwa taratibu zilizowekwa. Kuchanganya muuzaji na mvutaji ndani ya kifungu kimoja cha kanuni ni kuwaonea wavutaji na kuwalea wauzaji.

Nani achague ipi

Shule ya msingi ndogo ya Mji wa Kale au Majengo, isiyo na uwanja, yenye madarasa juu na maduka chini: chukueni marufuku ya uwanja mzima bila kusita, kwa kuwa watoto wanaovuta ni wachache na kazi yenu kubwa iko kwa watu wazima, mafundi, wageni na mwenye duka la chini. Mazungumzo na huyo wa chini ndiyo yaanze.

Shule ya bweni: mnahitaji uwanja mzima na saa 24 kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kishungi kimoja juu ya godoro la sponji katika bweni lililofungwa usiku ni hatari ambayo hakuna mzazi anapaswa kuiwaza. Kwenu wekeni pia kwa maandishi kwamba matroni na walinzi wa usiku wamo.

Shule ya binafsi yenye mabasi: andikeni dereva na utingo kwa majina ya kazi zao. Watoto hukaa nao dakika arobaini kutoka Bamburi hadi mjini madirisha yakiwa nusu yamefungwa kwa mvua, na mara nyingi kanuni za shule huishia kwenye ngazi ya basi.

Shule kubwa ya kutwa ambayo mwalimu mkuu ni mgeni, walimu wamegawanyika, na chumba cha ushauri hakipo: huenda hamtaweza yote muhula huu. Msirudi kwenye marufuku ya mwanafunzi kwa kukata tamaa. Gaweni. Muhula wa kwanza kifungu cha watu wazima, kwa kuwa hakihitaji bajeti, kinahitaji barua moja tu. Muhula wa pili orodha ya vitu na mstari wa yunifomu. Kumbakisha mtoto kuanze pale tu mwalimu wa ushauri atakapokuwa amepunguziwa vipindi, na hadi hapo wiki mbili za nyumbani zishushwe ziwe siku moja, mtoto akiwa na kazi ya darasani ya kufanya na mzazi akiwa amesaini kuipokea.

Barua hiyo ya kwanza isainiwe na mwenyekiti wa bodi na mwalimu mkuu pamoja, iwe kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni kabla ya kubandikwa, na nakala apewe soja wa langoni mkononi, kwa sababu ndiye atakayelazimika kumwambia mgeni wa heshima, "Samahani mzee, sigara iache hapa kwangu."